Teke la Bunduki ya Koplo Shilinde

Koplo Shilinde ni jirani yangu hapa Katindiuka, na kwa ubishi hana mpinzani. Miaka yote ya upolisi alibeba shotigani ya zamani, nzito, yenye kitako cha mti. Walipopewa mpya, nyepesi, ya kitako cha plastiki, alitamba mtaani kwamba bunduki nyepesi hata teke lake, ule msukumo wa kurudi nyuma ikifyatuliwa, ni jepesi. Nani angemwambia kwamba ni kinyume chake? Risasi ni zile zile, uzito wa bunduki umepungua, kwa hiyo kishindo chote kinamwishia mpigaji.

Siku ya mazoezi akaishika mbali kidogo na bega, ili teke likija limkose. Alipofyatua, kitako kilimfuata hapo hapo begani kikamkalisha kwenye jaruba la mpunga lililojaa maji nyuma yake, kofia ikaelea.

Nyumbani mkewe, Kabula, alimkanda kwa maji ya moto huku anacheka. "Baba Nkwabi, ng'ombe mwenye mateke tunamkamua kwa mbali? Si tunamwegemea ubavuni kwa kichwa, akirusha mguu asipate nafasi?"

Koplo alinuna. Ila mazoezi yaliyofuata aliikumbatia bunduki begani, akaegemea mbele, na kwa mazoea ya zizini maneno yakamponyoka mbele ya kikosi kizima: "Tulia, mama, tulia."

Akafyatua. Safari hii alisukumwa tu, akabaki wima, na shabaha akaipata.

Hakuna aliyempongeza. Tangu hapo, kila akirudisha bunduki, mtunza silaha humuuliza leo imetoa lita ngapi.