Sentimita Moja

Jirani yangu, fundi baiskeli anayejiundia ndege uani kwake, hana haraka. Kabla ya kugusa gurudumu hujifuta viganja mapajani, kushoto kisha kulia, halafu huligonga taratibu kama anayebisha hodi kwa watu. Wakimcheka, hujibu, "Chekeni tu. Hata kuku ana mabawa, alichokosa ni nia." Siku ya kunyoosha magurudumu ya ndege hiyo aliniita mimi, mshonaji, nimshikie utepe wangu. Tulipima nafasi kati ya matairi mawili kwa mbele, kisha kwa nyuma. Vipimo vikilingana, yamenyooka. Ncha ya utepe ule imechakaa, kwa hiyo nimezoea kuanzia kwenye alama ya moja. Mbele nilianzia kwenye moja. Nyuma, huku nikipiga soga na dada yangu, nikaanzia kwenye ncha. Fundi, aliyekuwa akisoma namba upande wa pili, akaona tofauti ya sentimita moja, akaguna, akakata mguu wa kulia wa ndege na kuuchomelea upya.

Jumamosi aliiwasha mbele ya mtaa mzima. Ilikimbia hatua ishirini, ikapinda, ikavamia ukuta, bawa likakunjika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile moja. Yeye alijifuta viganja mapajani. "Ni mikono yangu," aliwaambia. "Imezeeka." Utepe ulikuwa shingoni mwangu, unaniwasha kama upupu, na mdomo nikaufunga.

Leo asubuhi amebisha hodi. "Jirani, njoo na utepe wako. Safari hii pima wewe mwenyewe, mimi sijiamini tena."