Jiwe lililovunja kioo cha saluni yangu Joburg, na nilikolipeleka

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe hapa Malvern, Joburg. Asiyeamini apite kimyakimya.

Mimi ni Mtanzania, Muislamu, nina saluni ya kiume Jules Street. Mwaka jana waandamanaji wa "wageni rudini kwenu" walinivunjia kioo kwa jiwe. Majirani wote wakajifungia ndani.

Lile jiwe nikaliweka chini ya kaunta. Nikaapa wakirudi, mmoja wao atalipokea kichwani. Nilikuwa na hasira mpaka chakula hakipiti.

Sasa nina mteja, mzee Solly, Myahudi, kipara kitupu, huja kupunguza ndevu tu. Akaliona jiwe, nikamweleza.

Akaliokota, akaligeuzageuza mkononi. "Babu yangu alikuwa na duka Ujerumani. Wanazi walipolivunja, majirani walifunga mapazia. Baadaye wakaja kumchukua yeye na watoto, akapona baba yangu tu. Jumapili tunawakumbuka makaburini Wayahudi wote waliouawa na Wanazi. Njoo, na jiwe lako uje nalo."

Eish! Jiwe makaburini la nini tena?

Nikaenda na mke wangu, Mrundi, mlokole haswa. Yeye kabeba maua, kumbe wenzetu Wayahudi huweka mawe! Shehe wetu alikuwepo, mchungaji wa mke wangu pia, na Mama Thandi, Mzulu anayeuza maandazi mlango wa pili.

Majina ya waliouawa yakasomwa. Wakuu, kuna vitoto vya miaka miwili mle. Nililia bila aibu. Nikaliweka jiwe langu pale kwenye mnara wa kumbukumbu, na hasira ikabaki nalo.

Mama Thandi akanishika mkono. "Siku ile nilifunga mlango, mwanangu. Sifungi tena."

Mwezi uliofuata wale waandamanaji wakarudi.

Mama Thandi akaja na kiti chake, akakaa mlangoni kwangu. Shehe na mchungaji wakasimama naye. Milango ya mtaa ikaanza kufunguka, watu wakatoka. Mzee Solly akapenya ndani, akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe."

"Ninyoe nini mzee, huna hata unywele!"

"Duka lenye mteja halifungwi."

Nikawasha mashine. Nje wakapiga kelele weee, Mama Thandi akawauliza kwa Kizulu kama mama zao wanajua waliko. Wakapita! Hakuna jiwe hata moja. Mtaa mzima vigelegele, mke wangu anaruka kama yuko mkesha.

Nilichojifunza: chuki huanza na kioo cha jirani, na wewe unachungulia tu.

Nanyi mlio ugenini, nani aliwahi kusimama mlangoni kwenu? Tiririkeni hapa.

Mimi kioo kipya nimeweka. Pazia sijaweka.