Kichwa cha Boneko la Mdogo Wangu

Mama yangu hataki sanamu lenye kichwa lilale ndani ya nyumba yake. Alifundishwa utotoni, chuoni kwa maalimu wa Kurani, kwamba malaika wa rehema hawaingii penye sanamu, na kwamba likiondolewa kichwa linakuwa kitu tu, kama mpini wa jembe. Kwa hiyo mdogo wangu alipoleta nyumbani boneko la katuni za Kijapani, dogo la urefu wa kiganja, lenye viungo vya kukunja magotini na viwikoni, Mama hakulitupa. Alitoa sheria. Adhana ya magharibi ikilia, kichwa kitoke. Asubuhi rudisheni mkitaka, wazee wazima mnaocheza na watoto wa plastiki.

Na vichwa vyenyewe vilikuwa vya kutoka kweli, vimeundwa hivyo. Unavuta, kinachomoka, shingoni kinabaki kijiti chenye kidonge mwishoni. Kazi hiyo ilikuwa yangu, maana mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye mwenye kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, nikitia humo vifungo vya cherehani yangu na bilyete zetu za utambulisho. Kila magharibi niliongeza vichwa viwili vinavyocheka.

Viwili, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Maboneko yote mawili yalikuwa ya kijana yuleyule wa katuni, koti refu la manjano, mkuki mkononi. Lake alipewa kule Afungi, kwenye kambi ya wageni wa gesi, alikokuwa akigawa chakula. Mgeni mmoja alimaliza mkataba wake, akamwachia boneko na boksi lake. Langu nililinunua kwa mama mmoja anayeleta bidhaa kutoka Mtwara, siku niliyokwenda kuchukua zipu. Nilipoliweka mezani, mdogo wangu alilitazama mara moja tu.

"Dada, umepigwa. Hilo feki."

Feki! Mimi, ninayejua kitambaa kibovu kwa kukigusa na macho nimefumba! Tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Jioni akirudi kazini tulikaa barazani, tukayasimamisha juu ya meza ya cherehani, na yeye akaanza darasa lake. Tazama paja, dada, lako lina mshono wa kalibu, langu laini. Tazama koti, rangi ya lako imevuka mpaka kwenye mkono. Pima uzito. Kunja goti, sikia, langu linasema tik na linakaa, lako linarudi lenyewe. Halafu akalisimamisha lake kwa mguu mmoja, mkuki juu, likasimama. Langu likaanguka puu.

"Lako lina malaria," alisema. Akacheka mpaka majirani wakachungulia.

Loo, nilikasirika. Mimi sikubali kushindwa, ulimi wangu wanaujua kuanzia sokoni mpaka ufukweni. Nikayachunguza maboneko yale usiku peke yangu, nikagundua kwamba sura zilifanana kabisa. Tofauti ilikuwa chini ya kichwa, kwenye tundu la shingo. La kwangu lilikuwa pana zaidi. Basi asubuhi moja, alipokuja kudai kichwa chake koponi, nilimpa changu.

Kikalegea. Kila akilisimamisha, kichwa kinainama pembeni kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.

"Haya, bwana wa la kweli," nikamwambia. "La kweli gani hilo lisiloweza kubeba kichwa chake?"

Alisikitika, masikini. Akadhani ni joto la jiko la kambini, maana alikuwa akitembea nalo mfukoni. Hakunishuku hata kidogo. Siku ya pili akaniomba uzi, nikamkatia uzi wa buluu, ule niliokuwa nashonea sare za shule. Alikaa karibu yangu akauzungusha kwenye kijiti cha shingo, taratibu, ulimi umetoka nje kama alivyokuwa akifanya utotoni akijifunza kuandika. Kichwa kikashika. Akafurahi. Mimi nikacheka tumboni, nikajiambia nitamwambia siku ya Idi, tucheke wote.

Idi haikutukuta nyumbani. Waasi wa msituni waliingia mjini kabla yake, mchana, na milio ya bunduki tuliisikia upande wa barabara kwanza, kisha kila upande. Nilikamata kopo kwa sababu ya bilyete, maana bila bilyete kwetu hapa hupiti popote. Vichwa vilikuwa humo, asubuhi ile hakuna aliyekumbuka kuvitoa. Mdogo wangu alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Aliingia ndani mbio, nikadhani anafuata viatu, kumbe anachukua boneko lake juu ya rafu.

"Acha upuuzi!" nikampigia kelele. "Mshike Mama!"

Alimshika. Alimshika mpaka njia panda, na pale watu walikuwa wengi wanasukumana, tukaachana mikono. Sisi tukabebwa na wale waliokuwa wakienda kwenye uzio wa Afungi. Nilimwona akiwa na vijana wengine watatu, wanashika njia ya kusini. Aliinua mkono. Mimi sikuinua, nilikuwa nimemshika Mama kwa mmoja na kopo kwa mwingine.

Tulilala chini ya turubai, tukasafirishwa mpaka Pemba, tukakaa kwa watu, tukachokwa, tukarudi. Nyumba tuliikuta imeungua. Boneko langu lilikuwa doa la manjano kwenye sakafu. Feki au si feki, plastiki yote huyeyuka.

Yeye hakurudi. Mwaka wa kwanza kila mtu alisema subirini. Wa pili, ami zangu walikuja kumwambia Mama kwa adabu kwamba sasa inatosha, tumsomee hitima kijana, tumwombee, na yeye mama mtu apumzike. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Sisomi hitima ya mtu aliye hai," alisema. "Nionyesheni kitu."

Kila siku alipakua sahani ya mwanawe. Ami zangu walirudi tena na tena, jibu likawa lilelile. Sahani ikikaa mpaka jioni alimpa paka, kesho akapakua nyingine. Harusini hakwenda, kwa sababu mwanawe hayupo. Msibani hakwenda, kwa sababu mwanawe hajafa. Alikonda akabaki macho. Nami nitasema ukweli, nilimkasirikia. Nilitaka alie mara moja, na mimi nilie, tumalize. Siku moja nilimwambia kwa ukali kwamba anapika chakula cha kaburi. Kesho yake sahani aliipakua vilevile.

Mwaka jana, sokoni, nilisimama kwa mama mmoja wa Quiterajo, kule kusini, aliyekuwa anauza makopa ya muhogo. Nyuma yake alikaa binti yake mdogo, wa miaka minne hivi, anabembeleza kitu alichokifunga kwa kitambaa. Alipokifunua kukinyonyesha, niliona koti la manjano. Halikuwa na kichwa. Mtoto alikuwa akilinyonyesha shingoni.

"Mwanangu, nipe nimshike mtoto wako kidogo," nikamwambia. Akanipa.

Lilikuwa zito. Mkono wangu ulijua kabla yangu. Nikapapasa paja, laini. Nikakunja goti, likasema tik, likakaa. Nikaliweka juu ya gunia la makopa kwa mguu mmoja. Likasimama.

Ya Rabi, nikasema moyoni, liwe feki. Zamani nililiita feki kwa ubishi, na siku hiyo nikaomba liwe feki kama mtu anayeomba mvua. Nikajipa maneno. Kambi ile ilikuwa na wageni mamia, nani kasema ni mmoja tu aliyekuwa nalo? Vitu vyao viliibwa, vikauzwa kila mahali. Nikaligeuza shingo. Kijiti kilikuwa kimejaa udongo mkavu. Nikatema mate kwenye pembe ya kanga, nikasugua.

Ukatoka uzi wa buluu.

Nikakaa chini, pale pale penye vumbi. Mama wa makopa akaniinamia. "Dada, vipi? Unaumwa?"

"Hili mlilipata wapi?"

Aliweka kibaba chini. Kisha akatazama boneko, akanitazama mimi, akaelewa. "Mume wangu alilipata, tuliporudi mashambani," alisema polepole. "Walikuwa vijana wanne, kwenye njia ya zamani. Tuliwazika, dada. Tuliwasomea tulichokijua. Tulizika tulichokikuta."

Sikumuuliza walikuta nini. Pwani hii waliouliza hawajalala usingizi mpaka leo. Mtoto alianza kulilia boneko lake, nikamvulia kanga ya begani nikamviringishia, akaifunga mgongoni, akanyamaza. Mama yake hakutaka chochote. Alinishika mkono tu, akaniambia, "Waambie nyumbani kwamba wako pahali pa kivuli."

Nyumbani nilimkuta Mama yuko jikoni, sahani tayari imefunikwa. Nikaliweka boneko juu ya mkeka. Nikamweleza yote, ya mama wa Quiterajo na ya vijana wanne. Nikamweleza na habari ya vichwa, kwa sababu bila hiyo uzi usingekuwa na maana, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuibeba. Nilingoja anitukane. Alilichukua boneko, akautazama uzi wake, akaugusa kwa kidole.

"Aliuzungusha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na kichwa chake ni kipi?"

Nikafungua kopo, nikatoa vichwa viwili, nikamwonyesha chenye tundu dogo.

"Mrudishie," alisema.

Hakikuingia. Uzi ulikuwa umenenepesha shingo. Ilibidi niufungue, na ulikuwa umegandamana kwa udongo, nikaufungua kwa sindano, mzunguko mmoja mmoja, kazi yote aliyoifanya na ulimi nje kwa sababu ya uongo wangu. Kisha nikasukuma kichwa. Kikasema tik. Nikalisimamisha kwa mguu mmoja, likasimama wima, halikuinama popote.

"Lako ndilo la kweli," nilisema kwa sauti, Mama anasikia. "Nilikudanganya. Nisamehe, mdogo wangu."

Mama aliinuka. Akachukua ile sahani, akaifunua, akaila yeye mwenyewe, tonge kwa tonge, machozi yanadondokea humo humo. Alipomaliza akanawa, akasema, "Kawaambie ami zako. Tusome Ijumaa."

Tulikaa hivyo mpaka jua likashuka. Adhana ya magharibi ikaanza, na mkono wangu ukaenda wenyewe, kwa mazoea, kuchomoa kichwa nikitie koponi. Mama akanishika kiganja.

"Kiache," alisema. "Leo mwanangu alale na kichwa chake."