Kipindi Alichokimalizia Baba

Mwaka ambao dadangu alipelekwa Bungoma mimi nilikuwa darasa la nane, na sisi wawili tulikuwa tumeshikwa na kipindi kimoja cha televisheni. Kilianza likizo ya Aprili, kila Jumamosi alasiri. Kilikuwa cha ng'ambo, cha vijana wa sekondari katika mji mdogo wenye bwawa kubwa. Siku ya kwanza msichana mmoja anaenda kuogelea bwawani na harudi. Halafu marafiki zake wanaanza kusikia sauti yake kwenye redio mbovu iliyokuwa maabara ya shule, na anayosema ni mambo ambayo hayajatokea bado. Anasema kengele ya kanisa itaanguka, na kweli kesho yake inaanguka. Sasa yuko wapi huyo msichana? Mimi nilisema amekufa. Dada, ambaye alikuwa kidato cha tatu na alijiona ameshajua dunia, akaniambia, "Wewe bana, mtu amekufa atajuaje mambo ya kesho? Huyo yuko mahali."

Likizo haikuwa imeisha mama alipogundua kwamba dada ana mimba.

Tulikuwa tunaishi Kitale, pembeni mwa mji. Baba alikuwa na duka la mbegu na mbolea, na alikuwa mzee wa kanisa ambaye watu walimletea kesi zao za nyumbani azisuluhishe. Nilitarajia atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa sebuleni na kofia kichwani kana kwamba yuko njiani kwenda mahali, kisha akamwambia mama, "Mpeleke kwa dada yako." Basi. Dada alikuwa amesimama pale pale mlangoni, lakini Baba hakumtazama. Kesho yake mama alimpeleka Bungoma kwa mama mdogo, aliyekuwa ameolewa huko na karani wa serikali. Tangu siku hiyo Baba hakulitaja jina la dada. Mama akimtaja, yeye anatoka nje kuangalia ng'ombe.

Kwa mama mdogo hakukuwa na televisheni. Dada alikuwa anashinda ndani, anasaidia kupika, anakwepa macho ya majirani. Mama ndiye aliyepata njia. Jumapili mchana Baba akiwa bado kwenye kikao cha wazee kanisani, mama alinipa simu yake, akafunga mlango wa jikoni, akaniambia, "Ongea na dada yako. Mchekeshe kidogo."

Mtu wa miaka yangu angemwambia nini dada yake mjamzito? Ndipo nikamwambia kilichotokea kwenye kipindi.

"Ngoja, ngoja," akasema. "Anza mwanzo. Walikuwa wamevaa nini?"

Ikawa hivyo kila Jumapili. Jumamosi nilikaa mbele ya televisheni kama mtu anayefanya mtihani, nikishika kila kitu, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Dada hakukubali muhtasari. Alitaka kujua nani aliangalia nani, na mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Mara nyingine nilimsikia akiwasimulia tena mama mdogo na mumewe pale pale, na yule mume, mtu mpole mwenye sauti nzito na lafudhi ya kwao, akiuliza kwa mbali, "Arafu porisi wanasema nini?" Nilifurahi kusikia nyumba ile ikicheka.

Baba naye alikuwa na kiti chake sebuleni. Jumamosi alirudi kutoka dukani baada ya saa nane, akafungua gazeti na kutulia nyuma yake. Mwanzoni alinung'unika. "Hawa watoto hawana wazazi? Saa yote wako barabarani." Kisha akanyamaza. Kwenye kipindi kulikuwa na baba yake yule msichana, mzee wa kutengeneza magari, ambaye kila jioni alienda bwawani na tochi kumtafuta mtoto. Siku moja mzee huyo alipoteleza akaanguka majini, nikasikia gazeti likishushwa.

"Ametoka?" Baba akauliza.

"Ametoka, Baba."

"Huyo anatafuta pabaya," akasema, akalinyanyua tena gazeti.

Mahindi yalikomaa, wateja wakapungua dukani, na tumbo la dada, mama alivyoniambia, likawa kubwa. Wiki ambayo kipindi kilikuwa kinafika mwisho wake, mimi nikashikwa na malaria. Ijumaa nililazwa, na Jumamosi alasiri nilikuwa kitandani hospitalini na dripu mkononi, nikilia. Muuguzi alidhani ni uchungu wa sindano. Mama pekee ndiye aliyejua nalilia nini, na hata yeye alikuwa karibu kucheka.

Jumapili asubuhi wakaniruhusu. Nilifika nyumbani nikiwa mwepesi kama ganda la mahindi, mama akanilaza chumbani, akaenda kwa jirani kuomba ndimu. Baba siku hiyo hakubaki kwenye kikao. Alikuwa sebuleni. Na mama alikuwa ameiacha simu yake pale juu ya meza.

Ikalia. Nilijua ni nani, lakini miguu haikuwa na nguvu ya kuniinua. Ililia ikanyamaza, ikalia tena. Halafu nikasikia Baba akisema, "Halo?"

Nilifikiri dada amekata.

"Halo," Baba akarudia. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miezi yote ile, akalitaja jina lake.

Sikuweza kusikia dada akijibu nini. Baadaye aliniambia alisema tu, "Samahani Baba, nilitaka kujua kama mtoto amepona," akimaanisha mimi, na akawa tayari kukata.

"Amepona. Amelala," Baba akasema. "Lakini jana hakuona ile kitu yenu. Alikuwa hospitali."

Baba akakohoa, akasema, "Mimi niliona."

Niliketi wima kitandani.

"Hakuwa mbali," akaanza. Alikuwa anasimulia vibaya sana. Alichanganya majina, akamwita mwalimu wa sayansi daktari, akaruka mbele kisha akarudi nyuma. "Alikuwa hapo hapo mjini kwao. Ni vile tu siku yake na siku yao hazikutani. Yeye yuko kesho, wao wako leo. Anaingia kwao nyumbani anakuta chai ya jana kwa meza, lakini watu hawaoni. Unaelewa? Mimi mwenyewe sijui kama nimeelewa."

Dada alisema kitu, na Baba akashangaa. "Ulijua? Ulijuaje na haukuwa unaona?" Akasikiliza kwa muda mrefu, huku akisema "eeh" na "ati chai?" Kisha akaendelea. "Sasa, huyo babake akaacha kumtafuta. Akaketi pale bwawani na hao watoto wengine, wakangoja. Hawakufanya kitu ingine. Wakangoja mpaka asubuhi, na akatokea. Amelowa maji, anatetemeka. Huyo mzee akavua koti akamfunika."

Hapo nilisikia kiti kikilia, kama mtu aliyekaa anabadilisha mkao.

"Unakula vizuri huko?" akauliza hatimaye. Na baadaye kidogo, "Na mtoto anacheza?"

Mama aliingia na ndimu zake akamkuta na simu sikioni. Alisimama mlangoni, kisha akaenda jikoni taratibu, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baba alienda Bungoma wiki hiyo. Hakutuambia anaenda, alifunga duka tu, akabeba kuku na gunia la mahindi mabichi. Hakumrudisha dada siku hiyo, kwa sababu mama mdogo alikataa mtoto azaliwe njiani. Lakini alilala huko, yeye ambaye hakuwahi kulala kwa mtu, na inasemekana alikaa na karani wa serikali hadi taa ikaisha mafuta, wakibishana kuhusu ile redio ya maabara ilipata umeme wapi.

Mtoto alizaliwa Bungoma, msichana. Mwaka uliofuata mama alibaki na mtoto Kitale na dada akaingia shule ya bweni huko Kimilili, ambako hakuna aliyemjua, akamaliza kidato cha nne. Haikuwa rahisi. Kuna wanawake kanisani waliohama benchi letu, na Baba mwenyewe aliombwa apumzike kidogo uzee wa kanisa. Alipumzika. Jumapili hizo nilimwona amekaa nje ya duka lililofungwa, mtoto amelala kifuani pake na mdomo wazi, mate yakilowesha shati lake la kanisani, na mtu akipita akimsalimia, anajibu kwa kuinua kidole ili asimwamshe.