Watu wa Airandi

Nimechoka. Kila nikipita, kuanzia pale mtaa wa Landless ninapoishi mpaka kwa geti la kiwanda, kuna mtu ananiita Balozi na mwingine anacheka, na yule asiyejua anauliza kwa nini Balozi, na mimi naanza kueleza upya, kwa hivyo wacha leo niseme yote mara moja, niaibike kwa jumla, halafu tuachane na hayo mambo.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa stoo. Miaka kumi na tisa niko katika kiwanda kimoja cha juisi hapa Eneo la Viwanda Thika, na kazi yangu ni kuhakikisha katoni za kwenda ng'ambo zimebandikwa jina la nchi inayofaa. Hiyo kazi ilinipa kiburi, sitaficha. Naweza kukwambia Morisi ni kisiwa na Moritania ni jangwa, na kwamba Gine ziko tatu hapa Afrika (na nyingine iko mbali kabisa, huko karibu na Australia), na nikiwa kwa harusi au kwa matanga sikosi mahali pa kuchomeka hiyo habari. Mke wangu alishaacha kusikiliza.

Sasa, ndugu yangu mkubwa alipofariki aliacha mjane, Mama Nyambura, anayeishi Ruiru, na binti mmoja, huyo Nyambura, ambaye kwangu ni mtoto wangu kabisa. Nyambura akapata mchumba. Mama yake akanipigia simu nikiwa kazini, mashine zinanguruma, akasema, "Baba Kimani, wakwe wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wewe ndiye msemaji wetu."

"Wanatoka wapi?"

"Ni watu wa Airandi. Watavuka maji kwanza, halafu wasafiri usiku kucha."

"Na kijana anaitwa nani?"

"Brian."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu ya swali moja tu ambalo sikuuliza. Mama Nyambura, kama wengi wetu, hatenganishi l na r. Kwake lori ni rori, na Ruiru anapoishi siku nyingine ni Luilu, na mimi nimemcheka kwa hilo miaka nenda miaka rudi. Siku hiyo ulimi ulitaka kuuliza, "Airandi gani?" lakini nikaona nitaonekana mtu wa stoo asiyejua ramani, nikanyamaza, nikajitafsiria mwenyewe kichwani. Ayalandi. Ulaya. Wazungu. Na hilo jina Brian, niliangalia kwa simu, ni la huko kabisa.

Nyambura alitaka kuniletea kijana nimwone, nikamwambia hakuna haja, niko na shifti. Akasema, "Sawa, Anko, lakini nakuomba kitu kimoja. Hao watu wanatoka mbali na wanaogopa tutawadharau. Wapokee vizuri. Hiyo tu." Nikashangaa kidogo, mzungu kuogopa kudharauliwa na mimi, lakini nikamwahidi. Msichana hana baba, na hilo ndilo jambo pekee aliloniomba.

Basi nikaanza kusoma. Wiki tatu, kila saa ya chakula, simu mkononi. Nikajua Ayalandi ni kisiwa kilichokatwa vipande viwili, na kipande kimoja kiko na jirani mkubwa mpaka leo. Nikajua huko hakuna nyoka. Nikajua hawajajiunga na ule muungano wa kujihami wa wazungu, ambao nchi moja ikiguswa zote zinainuka. Wao wamekataa, wamekaa zao katikati ya maji wakitazama. Wenzangu wa stoo nikawaeleza hata habari ya Aislandi, kile kisiwa cha barafu, ambacho hakina jeshi na bado kiko ndani ya muungano, sawa na mtu anayeingia chama cha kuchangiana ng'ombe na yeye hana hata kuku. Walicheka. Nikaandika hotuba ya kurasa mbili, na mwisho wake ulikuwa hivi: "Mmekataa miungano yote ya dunia, lakini leo mmejiunga na mmoja, na ni huu wetu." Nilipowasomea walinipigia makofi. Laiti wangenipiga mimi.

Maandalizi yote nikasema niachiwe. Nikanunua baluni za kijani, nyeupe na rangi ya chungwa, bendera yao ile. Nikaazima zulia jekundu la kanisa. Na kwa kuwa hata sokoni viazi tunaviita vya Airishi, nikaagiza hivyo viazi, waru kwetu: waru za kuchemsha, waru za kukaanga, waru za kuponda na mahindi kwa mukimo, na supu ya waru. Mama Nyambura akaniuliza, "Kwani ni waru tu?" Nikamwambia watu wa huko wanazipenda. "Haya," akasema, "wewe ndiye umesoma."

Siku ikafika. Nyambura na mama yake walikuwa ndani ya nyumba yao pale Ruiru, maana msichana hatoki mpaka aitwe, na mimi niko kwa geti na suti yangu ya harusi nikingoja makundi mawili: wapishi wa kukodi kutoka Thika, waliopaswa kufika saa tatu, na wazungu, saa nne. Saa tatu na nusu ikaingia van nyeupe yenye vumbi. Wakashuka akina mama watatu wenye vitenge sare na vilemba, mzee mmoja wa koti, kijana mrefu, na wanaume wawili wamebeba sanduku kubwa la barafu. Nani asingesema hao ni wapishi? (Mke wangu anasema yeye asingesema.)

Yule mzee akaninyooshea mkono. "Habari za hapa. Tumefika."

Mkono wake niliupita, nilikuwa nimeshika simu. "Mmechelewa," nikasema. "Pitieni hapa kando, msikanyage zulia."

Akatazama zulia, akatazama viatu vyake. "Hapa kando?"

"Nyuma ya tangi la maji, jiko liko huko. Na hilo sanduku lina nini?"

"Ni mbuta. Wawili, wakubwa, tumewatoa nyumbani jana."

"Samaki hapana. Rudisheni kwa gari. Wageni wetu ni wazungu, hawawezi miiba."

"Kuna wageni wazungu pia?" mzee akauliza.

"Ndio hao tunangoja."

"Sawa," akasema, polepole, na wakalirudisha sanduku.

Natamani ningesema yaliishia hapo. Kijana mrefu nilimtuma viti, akabeba viti arobaini vya plastiki, wanne wanne, bila neno, na nilipomwambia amepanga vibaya akavipanga upya. Wale akina mama waliona beseni la waru halijamenywa, na kwa sababu mwanamke aliyelelewa hawezi kukaa bure kwa watu, wakaomba visu. Mzee aliketi juu ya kreti ya soda. Nilipita hapo mara tatu nikiharakisha watu, na mara moja nikamwambia aondoe mguu njiani. Aliuondoa.

Saa tano kasoro simu ikalia. "Mkubwa, pole sana," sauti ikasema, "tairi limepasuka, bado tuko Juja."

"Ni nani mko Juja?"

"Sisi wapishi."

Niligeuka nikatazama nyuma ya tangi. Wakati huo huo Nyambura akatoka kwa mlango wa jikoni kuchukua maji, amevaa zile nguo zake nzuri, akasimama, jagi mkononi, akaona mama mkwe wake anamenya waru, na baba mkwe wake juu ya kreti, na mchumba wake na viti begani. Hakupiga kelele. Alienda akapiga magoti mbele ya mzee akamsalimia kwa mikono miwili, halafu akaniangalia mimi.

"Anko, hawa ndio wageni."

Mama Nyambura alikuwa amefika mlangoni. "Haiya. Na si nilikwambia ni watu wa Airandi?"

Hapo ndipo nilipouliza lile swali, wiki tatu baadaye. "Airandi gani?"

"Ya Mfangano. Kule ndani ya ziwa."

Kisiwa. Ailandi. Kiingereza cha shule ya msingi, na mimi nilikuwa nimekipeleka mpaka Ulaya. Mzee Odoyo (sasa nilikuwa nimejua jina lake) aliinuka, akawaita watu wake kando ya van, wakaanza kuongea kwa lugha yao, sauti za chini. Van iko hapo, mlango uko wazi. Nikataka kwenda kujieleza, Nyambura akanishika mkono wa koti. "Usiongee, Anko. Tafadhali usiongee." Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu walichokuwa wanaogopa ndicho nilichowafanyia, tena kwa bidii na kwa maandalizi.

Walirudi. Mzee akasema, "Tutaketi. Lakini kwanza msemaji wa hapa atueleze tulifikaje nyuma ya tangi."

Tukawapitisha juu ya zulia. Alipofika kwa baluni za chungwa alisimama, akaziangalia, akaniangalia. "Hata rangi hii mmetuwekea," akasema. "Hamkuwa na haja ya kuleta siasa." Chungwa ni rangi ya chama kinachopigiwa kura huko kwao, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza bendera.

Nikasimama mbele ya watu. Kichwani hakukuwa na kitu, ila mfukoni kulikuwa na kurasa mbili, na mtu anayezama hushika chochote. Nikaomba msamaha, nikasema niliwadhania wapishi, halafu nikafungua karatasi nikaanza kusoma, na kila palipoandikwa Ayalandi nikawa nasema "kisiwa chenu".

"Kisiwa chenu ni kidogo," nikasoma, "na jirani yenu ni mkubwa, na kuna kipande anachodai ni chake mpaka leo."

Mzee akainua kichwa. "Migingo," akasema. (Lile jiwe la ziwani ambalo sisi na Waganda hatujawahi kukubaliana ni la nani.) "Hapo umesema kweli."

Nikapata moyo, na huo ndio ugonjwa wangu. "Na kwenu, kama ninavyojua, hakuna nyoka."

"Nyoka wapo," akasema Mzee Odoyo. "Tena wengi."

Wakacheka, hata mama mkwe. Nikafika mwisho, ule wa kukataa miungano ya dunia na kujiunga na wetu, na hapo kicheko kikaisha. Mzee alikuna kidevu. "Muungano mzuri ni ule ambao akiguswa mmoja wote wanainuka, si ndio?"

"Ndio, mzee."

"Leo tumeguswa. Nani wa kwenu ameinuka?"

Nyambura alikuwa ameshasimama. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mzee tangu tulipoketi, kumbe, mimi sikuwa nimeona. Mzee akageuka akamwona, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi huyu tunamtaka. Mengine tutaongea tukishakula. Na tutakula samaki wetu, na aliyemrudisha kwa gari ndiye atampara magamba."

Sijawahi kumpara samaki magamba, jamani. Nimezaliwa Thika, samaki kwangu ni kitu cha kukaangwa na mtu mwingine. Nikavua koti, nikaketi nyuma ya tangi kwenye kreti ile ile, mbuta mzito kama mtoto wa chekechea mapajani, magamba yananirukia mpaka kwa nyusi. Baada ya muda Mzee Odoyo alikuja, akanichukua mkono, akanionyesha: unaanzia mkiani unaelekea kichwani.

"Kukosea kisiwa si neno," akaniambia, bila hasira. "Lakini lile zulia nililitazama nikajua lilitandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hilo liliniuma."

Nikasema pole. Nikasema kweli niliwadhania wapishi.

"Na tungekuwa wapishi," akauliza, "mkono ungeupokea?"

Nikaendelea kupara. Swali hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo, si kicheko cha watu.

Akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia Landless. Basi alicheka, kwa mara ya kwanza alicheka mpaka akashika tangi. "Hata ardhi huna," akasema, "na unachagua kisiwa cha kupokea. Balozi wewe!" Jina likanishika hapo.

Nyambura sasa yuko Mfangano na Brian wake, na mimi mtu akinitajia kwao nauliza mara mbili, hata akisema ni Kalimoni hapo tu, na kila anayefika kwa stoo, awe dereva au mpakiaji, namsalimia kwa mkono kabla sijaangalia amebeba nini. Disemba tumealikwa huko. Juzi Mzee Odoyo alinitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza nikiwa kati ya katoni za kwenda Morisi.

"Balozi," alisema, "karibu sana. Tangi tumeshanunua. Kreti yako iko nyuma yake."

Nitaikalia. Na kisu nitabeba mwenyewe.