Hedifoni Zangu na Sikio la Kushoto

Bei sitaitaja. Niliyemlipa anaijua, mimi naijua, inatosha. Tangu hedifoni zile zifike Sumbawanga, kila anayeziona ananiuliza swali hilohilo moja, na kila mmoja namjibu hivyohivyo. Mfugaji mmoja wa Kisukuma anayeleta mahindi yake mashineni kwangu alizikuta mezani, akazizunguka, akakuna kidevu, kisha akasema, "Mama, hapa mimi naona ng'ombe kabisa, tena mwenye ndama." Nilicheka, maana hakukosea sana. Lakini yeye hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini ana ng'ombe, na mimi nimeulizwa kuhusu zangu na mji mzima.

Mimi ni msagaji. Mashine yetu ya kusaga iko Majengo. Tuliirithi kwa baba, mimi na kaka yangu mkubwa. Yeye akakaa Kasense na mashamba, mimi nikabaki na unga. Nimesimama kando ya mota ile tangu nikiwa msichana, na siku zote nimesimama upande uleule, kwa sababu swichi iko pale na mdomo wa kumiminia mahindi uko pale. Mota kushoto kwangu, wateja kulia. Nilifundishwa kwamba mashine inakula vidole, na vidole nimevilinda vyote kumi. Hakuna aliyenifundisha kwamba inakula masikio.

Nilikuja kujua kanisani. Nilikuwa naimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, na mwimbaji wa sauti ya pili hushika njia yake kwa kumsikia wa sauti ya kwanza. Wa sauti ya kwanza walikaa kushoto kwangu. Nikaanza kupotea. Mwalimu wa kwaya, kwa heshima zake zote, akaniambia, "Mama, hebu pumzika kidogo, uwaachie vijana." Nilipumzika, na mpaka leo hakuna aliyenifuata kuniambia nirudi. Nilikwenda hospitali nikapimwa sikio kwa vimlio vidogovidogo, nikitakiwa kuinua mkono kila nikisikia. Upande wa kulia mkono ulipanda na kushuka. Upande wa kushoto nilikaa nimeuweka mapajani kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu.

Daktari hakunizungusha. "La kushoto linakwenda, mama, na likienda halirudi. Ukiwa mashineni ziba yote mawili. Na muziki usikilize kwa sauti ndogo."

Nilitoka pale nina hasira. Mtu mwingine angekwenda nyumbani akalia, na mimi nililia, ila nililia huku natembea kuelekea madukani. Nilijiambia hivi: mgeni anayeaga hapewi makombo. Kama sikio hili linaondoka, basi litaondoka limeshiba. Maisha yangu yote nilisikiliza muziki kwenye redio ya mashineni iliyojaa vumbi la unga, spika yake ikikoroma. Sikutaka hicho kiwe ndicho kitu cha mwisho.

Mfanyabiashara mmoja wa Majengo, anayeagizia watu vitu kutoka Dar, alinionyesha picha za hedifoni za aina mbili kwenye simu yake. Za kwanza zilikuwa zimefungwa pande zote. Alizisifia mno: "Hizi mama, hata nyumba ikianguka jirani, wewe husikii." Nikamwambia hizo awauzie wasio na ndugu. Kwetu Ufipa mtu akifika uani anabisha hodi, na salamu zetu haziishi upesi. Kuna kuinama, kuna makofi ya polepole, kuna kuulizana ya nyumbani na ya shambani mpaka ya ndama. Anayesalimiwa akanyamaza, huyo ama anaumwa, ama ana jambo na wewe moyoni. Hakuna la tatu. Kwa hiyo nikachagua za aina ya pili, zenye wavu kwa nje badala ya kifuniko, ambazo upepo na sauti za watu hupita. Nilitaka niwe na muziki na hodi kwa pamoja.

Zilipofika nilizichomeka kwenye simu palepale dukani, watu wamenizunguka. Nilichosikia kilikuwa kama mtu anaimba ndani ya debe, mbali, tena ana mafua. Niliongeza sauti mpaka mwisho, hakuna kitu. Wakamvalisha mmoja wao, akasikiliza, akasema, "Mama, umepigwa." Kicheko kilichofuata nilikisikia vizuri kwa sikio la kulia.

Nilizibeba mpaka kwa fundi redio aliye mtaa wa nyuma. Alizigeuza, akasoma maandishi ya ndani, akatikisa kichwa. "Mama, hujapigwa. Hizi ni nzito kusukuma. Simu haina nguvu hiyo. Zinataka amplifaya." Akatoa ya kwake ya zamani kutoka kwenye redio kubwa ya kaseti, akaziunganisha. Nguvu ikaja kweli, lakini ikaja na mvumo wake. Nilikaa nayo nyumbani wiki nzima, nikisikia nyimbo za kwaya zikisindikizwa na mota. Hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Niliyeshinda naye mchana kutwa alikuwa amenifuata mpaka chumbani. Nikairudisha. Akanijaribishia nyingine, hiyo haikuvuma, ila besi yake ilivimba ikawafunika wanawake wote. Nikairudisha pia. Fundi akaanza kuniita "mama hapana", na jina hilo nililipenda.

Amplifaya niliyoipata mwishoni ilikuja kwa basi, imefungwa kwenye boksi la sabuni. Ni ndogo, unaweza kuifunika kwa kitabu cha misa, ina kitufe kimoja tu cha kuzungusha. Tuliiwasha pale kwa fundi, hakuna mvumo, hakuna mnong'ono. Kimya kabisa mpaka nikadhani haijawaka. Kisha watu wakaanza kuimba.

Nataka nieleze nilichokisikia, kwa sababu wengi wanafikiri vitu vya namna hii ni vya kupigia kelele. Kinyume chake. Amplifaya ikikubaliana na hedifoni, huhitaji kelele. Kitufe nilikigusa kidogo tu, na wote wakawa wamesimama mahali pao. Wanawake wa sauti ya kwanza kushoto, wanaume wa besi kulia, na katikati, mahali pa sauti ya pili, nafasi yangu iko wazi kama kiti kilichowekwa. Nilisikia mwanamke mmoja akivuta pumzi kabla ya beti. Nilisikia benchi likilia mtu alipohama mguu. Fundi aliniona natoa machozi akageuka kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Basi nikawa na saa yangu. Mashine ikifungwa jioni naoga kuuondoa unga, naweka kiti karibu na dirisha, nazivaa. Kosa langu la kwanza nililigundua mapema: wavu unaoingiza hodi ndio huohuo unaotoa muziki. Jirani yangu wa ng'ambo ya uzio akaanza kuitikia viitikio huku anachambua maharage, na kesho yake ananiuliza kwa nini jana sikurudia ule wa tatu. Sikujali. Uani kwangu hakuna siri, kuna kwaya.

Kisha kaka yangu akaja kutoka Kasense na gunia dogo la ulezi mpya. Mimi sikumwona. Niliinuka kiza kinaingia nikakuta gunia limeegemezwa mlangoni kwa ndani. Nikajua mara moja. Kaka yangu hatumi gunia, hulileta mwenyewe. Alikuwa amebisha, ameingia, amesimama akasalimia, ameniona nimefumba macho na vitu kichwani, akageuka akaondoka bila hata maji ya kunywa. Niliogopa. Hedifoni hizi nilizichagua kwa ajili ya hodi ile hasa, ilikuwaje isipite? Nilimwita jirani. Nikazivaa, muziki uleule, nikamwomba abishe hodi kutoka kulia. Nilimsikia. Nikamwomba azunguke aje upande wa mlangoni, ambao ni kushoto nikiwa nimekaa. Nilingoja. Baadaye aliniambia alibisha mpaka akachoka.

Hazikuwa hedifoni. Lilikuwa sikio, na habari za sikio nilikuwa sijamwambia mtu yeyote wa kwetu.

Jumapili baada ya misa niliitwa Kasense. Alikuwapo baba mdogo, ndiye mkubwa wetu sasa, alikuwapo kaka, na wifi yangu akiwapitishia pombe ya ulezi. Walinisomea shitaka. Kaka alisema nimekuwa na kiburi cha mjini, kwamba mdogo wake wa tumbo moja amemsikia akibisha na hakufumbua jicho. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamalizia.

"Kaka, hapo umesema kweli kuliko unavyojua," nikamjibu. "Sisikii. Sikio la kushoto linakufa. Daktari ameshasema."

Wifi aliweka kata chini. Baba mdogo aliuliza ni ugonjwa gani, nikamwambia si ugonjwa, ni mashine. Kaka namjua, alikuwa anaumia. Lakini kaka yangu akiumia hutoa amri. Akasema, basi, nitoke mashineni, atawekwa mtu, mimi nikapumzike. Na hedifoni ziuzwe, kwa sababu mtu mwenye sikio bovu na hedifoni wapi na wapi.

"Mashineni sitoki. Nitaziba masikio kama nilivyoelekezwa, na nimeshaanza. Na hedifoni siuzi."

"Unasikiliza nini humo kisichokuwa kwenye redio?"

Nilikuwa nimekuja nazo kwenye mkoba, pamoja na amplifaya, kwa sababu nilitegemea swali hilo. Nikachomeka, nikamvalisha. Nitasema ukweli: nilitumaini uso wake ubadilike. Alisikiliza wimbo mzima, ametulia, macho kwenye dari. Kisha akazivua, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ni redio tu," akasema.

"Basi ni redio. Ni redio yangu."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Nikaona hapo ndipo mahali pa kulipa nilichostahili kulipa, na si zaidi ya hapo. Nikainuka, nikaenda mbele ya kaka, nikapiga magoti, nikampigia makofi ya polepole kama tulivyolelewa. "Shikamoo kaka. Karibu nyumbani kwangu siku ile. Habari za Kasense? Wifi hajambo? Ulezi umekubali?" Alisita, kisha akaitikia moja baada ya nyingine, mpaka ya ndama. Salamu yake aliipata yote. Hedifoni nilirudi nazo Majengo.

Niliporudi niligeuza kiti, sikio la kulia likaelekea mlangoni. Maisha yakaendelea. Sikuongeza sauti. Nasisitiza hili kwa sababu ndicho kishawishi kikubwa kuliko vyote. Kitufe kiko pale, kinazunguka kirahisi, na sikio linalokufa huomba kuongezewa kama mlevi. Nilikataa. Kilichobaki upande wa kulia nitakilinda kama alivyoagiza daktari, hata kama upande wa kushoto utanilaani.

Na upande wa kushoto ulikwenda. Haukwenda siku moja. Kwanza niliacha kusikia pumzi. Kisha maneno yakawa mepesi. Msimu huu wa baridi nilivaa hedifoni jioni moja, nikawasha, na wanaume wa besi wakaimba peke yao. Wa sauti ya kwanza walikuwa hawapo. Nilikagua waya, nikasafisha kichwa cha waya kwa pamba, nikafanya yote ambayo mtu hufanya akiwa anajua jibu. Nikaenda kwa fundi. Alizipima, akasema hazina kosa. Tulitazamana.

"Mama, naweza kukuunganishia," akasema kwa upole. "Nachukua sauti ya kushoto naichanganya na ya kulia. Zote zitakuja kwenye sikio zima. Hutakosa kitu."

Alinijaribishia. Kweli, wote walikuwamo, ila walikuwa wamebanana kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja. Hakuna aliyekuwa na mahali pake. Ile nafasi ya katikati haikuwapo tena. Nikavua.

"Hapana," nikamwambia. Hakushangaa.

Siku chache baadaye kaka alikuja mjini kununua mbolea, akakaa kwangu kunywa chai. Siku hizi hufika mara kwa mara, na kuhusu mashine hasemi tena. Nilikuwa na saa yangu na sikuiahirisha, nilizivaa mbele yake, nikausikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Kisha nikazivua, nikazigeuza, nikazivaa tena na kuurudia wimbo uleule. Kaka aliweka kikombe chini, akasogeza uso karibu na sikio langu zima. Aliona herufi ndogo ya upande wa kushoto iliyoandikwa pale.

"Mdogo wangu, umezivaa kinyume."

"Najua, kaka. Wanaume wameshamaliza. Sasa ni zamu ya wanawake."