Ndara Chini ya Mlango

Harufu ya ndara iliyochomwa na jua hunirudisha darasa la kwanza. Watu wengi walikuwa wameuawa mjini kwetu, na walimu wa kutoka bara wakaanza kuhama. Wetu alikuwa bado hajaondoka, ila begi lake lilishafungwa. Kila upepo ulipobamiza mlango wa bati alishtuka, chaki ikamtoka mkononi. Niliogopa na yeye ataenda.

Nikaisukuma ndara yangu moja chini ya mlango. Mapumziko nikaruka kwa mguu mmoja, mchanga ukiwaka.

“Abaayo, dada yetu, umekuwa korongo?” wavulana wakacheka.

Mwalimu akaniuliza nyingine iko wapi.

“Inashika mlango, mwalimu. Usiogope.”

Alinibeba mgongoni mpaka darasani, akapangusa macho.

“Kesho kila mtu alete vijiti kumi,” akasema. “Tunaanza kujumlisha.”